Nati ya Watu Wawili

Nilifika Ruiru kwa treni, nikiwa na sanduku la mbao lenye spana zangu na blanketi moja, katika miaka ile ya hali ya hatari ambapo wanaume wengi wa sehemu zile walikuwa wameshachukuliwa na serikali kwenda kambi za kizuizini. Mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yalibaki bila madereva na bila mafundi. Ndiyo sababu tulitafutwa sisi wa mbali. Mimi ni mtu wa milima ya Taita, ufundi nilijifunza katika karakana moja ya Voi, na niliambiwa kwamba huko bara kuna Mzungu anayetaka fundi wa trekta upesi. Nilikuwa nimeoa karibuni na mke wangu alikuwa mjamzito. Nikawaza: nitakwenda, nitafanya kazi msimu mmoja au miwili, nitarudi na mabati ya nyumba. Kijana akishapata wazo la mabati, humwambii kitu.

Ambacho sikukijua ni kwamba ningeishi pale bila kusemeshwa na mtu.

Sisemi kwamba nilitukanwa. Afadhali ningetukanwa, maana mtu akikutukana ujue amekuona. Nilipewa chumba katika nyumba za wafanyakazi, chumba cha fundi aliyekuwapo kabla yangu. Fundi yule alikuwa kambini, na hakuna aliyejua ni kambi gani. Mkewe na watoto walikuwa wamehamishwa pamoja na watu wote wa kilima kile, wakapelekwa katika kijiji kipya upande wa Gatong'ora, kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na mnara wa askari juu yake. Asubuhi wanawake waliletwa kuchuma kahawa wakisindikizwa na homgadi, mgambo wa serikali, mwenye bunduki, na kabla ya giza walirudishwa. Mimi nililala katika chumba cha mume wa mmoja wao. Ukutani palikuwa na misumari aliyoigongomea mwenyewe ya kutundikia nguo zake, nami nikatundika zangu hapo hapo, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuzitundika.

Nimelelewa kusalimu. Kwetu huwezi kumpita mtu njiani kama unapita gogo. Utamwuliza habari yake, ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, ndipo uendelee na safari yako. Basi kila asubuhi nilisimama mlangoni mwa banda la trekta, na wanawake wale walipopita na vikapu vyao nikasema, "Hamjambo, mama zangu? Mmeamkaje?" Kimya. Macho chini, miguu mbele. Kesho yake tena vivyo hivyo. Ilinichukua muda kutambua upumbavu wangu. Kiswahili katika shamba lile kilikuwa lugha ya kuamrishwa: panga mstari, toa kipande, fungua mlango, kaa chini. Watu walioamshwa alfajiri kwa Kiswahili na mateke hawakuwa na hamu ya kuulizwa kwa Kiswahili hicho hicho wameamkaje. Lugha niliyoidhani ni ya heshima ilikuwa imefika pale kabla yangu, imevaa buti. Nami sikuwa na nyingine. Kikuyu sikukijua, na Kitaita nani angekielewa?

Jioni nilisonga ugali wangu, nikala peke yangu, nikaosha sufuria moja na sahani moja. Nikaanza kuongea na trekta. Sioni haya kusema. Niliiuliza imeamkaje, nayo angalau iliunguruma.

Jumapili, nikipewa pasi ya kutoka shambani, nilikwenda kwa miguu mpaka stesheni ya Ruiru. Mmoja wa wafanyakazi wa treni ya Nanyuki alikuwa mtu wa kwetu, na treni iliposimama aliinama dirishani tukapiga Kitaita chetu cha dakika chache, mbio mbio, kama watu wanaogombania maneno. Alikuwa akipata habari za nyumbani kwa wenzake wa njia ya Mombasa. Siku ambazo hakuwa zamuni nilikaa tu kwenye benchi nikitazama watu wakipokewa na jamaa zao, kisha nikarudi.

Jumapili moja yule mtu wa kwetu alinikuta nimesimama, akanipigia kelele kabla gurudumu halijatulia.

"Mkeo amejifungua! Kijana!"

Nilicheka peke yangu pale kama mwendawazimu. Yeye hakucheka.

"Mtoto hajambo," akasema. "Mama ndiye ameshikwa na homa. Bado hajainuka kitandani. Nenda nyumbani, bwana."

Siku ya pili asubuhi na mapema nilikuwa mbele ya baraza ya Mzungu, kofia mkononi. Alikuwa mtu mrefu mwenye ngozi iliyobambuka puani, si mkali kuliko wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema Jumamosi nitapata pasi ya kwenda kwetu wiki mbili. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Siku ile niliendesha trekta nikiimba, na mchana wake mpira wa mafuta ukapasuka.

Nieleze kidogo, maana bila hili hakuna habari. Trekta ile ilikuwa zee, imepitia mashamba mengine kabla ya kufika pale. Nyuma ilikuwa na jukwaa la chuma lililoinuka kwa nguvu ya mafuta, la kubebea magunia ya kahawa mbivu kutoka bondeni mpaka kiwandani. Mafuta yalisukumwa na pampu iliyojificha chini ya kiti cha dereva, yakapita katika mpira mfupi mnene, mpaka kwenye silinda ya kuinulia. Nilikuwa nimepakia magunia, nikavuta mkono wa kuinulia, nikasikia mlio kama shuka inachanwa, na jukwaa likashuka polepole huku mafuta ya moto yakichirizika na kuingia ardhini. Wanawake waliokuwa karibu walitazama. Kisha wakashusha magunia mmoja mmoja, wakagawana kahawa ndani ya vikapu, wakaipandisha mlima kwa migongo yao. Siku zote zilizofuata ndivyo walivyofanya.

Mzungu alikuja akatazama dimbwi la mafuta. Akaniuliza kazi ya muda gani. Nikamwambia si kazi hiyo, unafungua nati ya mbele, unafungua nati ya nyuma, unatoa mpira wa zamani na kutia mpya. Mdomo wangu ulitangulia macho yangu.

"Mzuri," akasema kwa Kiswahili chao. "Wewe kwisha tengeneza, wewe kwenda. Bado kwisha, wewe kaa. Trekta kwanza."

Ndipo nikalala chini nikatazama.

Mtu fulani alikuwa amechomelea bamba nene la chuma tumboni mwa trekta ile, kuikinga na visiki. Nati ya mbele ilikuwa wazi, mtu angeweza kuifungua akiwa amesinzia. Nati ya nyuma ilikaa nyuma ya bamba, imejibana na giaboksi. Kutoka juu, ukiondoa kiti, ungeweza kupenyeza mkono na spana mpaka kwenye nati. Lakini nati ile ilikuwa imefungwa kwenye kiungo kilichozunguka pamoja nayo. Ili ifunguke, ilibidi kiungo kishikwe na spana ya pili, na kiungo hicho kilifikiwa kutoka chini tu, katika mwanya ulio kando ya klachi. Mkono mmoja juu, mwingine chini, na katikati yao trekta nzima. Mungu hakuumba mtu mwenye mikono ya namna hiyo.

Nilimwomba bwana tukate bamba. Akasema lisiguswe, maana lilipokuwa halijatiwa kisiki kilitoboa giaboksi, na yeye hasahau. Nikamwomba tuipeleke Thika. Ingekwendaje? Mafuta ya kuinulia na ya giaboksi yalikuwa mamoja katika trekta ile, na yote yalikuwa yamemwagika. Ukiiendesha kavu unaiua. Lori nalo lilikuwa linapeleka kahawa. Kwa hiyo nikapima mpira kwa uzi palepale ulipo, nikaufungua ule upande wa mbele nione ukubwa wa nati, nikapanda baiskeli ya shamba kwenda Thika.

Duka la vifaa lilikuwa la Mhindi mmoja mzee, na nyuma yake alikuwa na mashine ya kubania ncha za mpira. Aliponiona tu akaniuliza, "Habari ya safari? Jua kali?" Nusura nilie. Nilimweleza habari ya safari, ya jua, ya trekta, ya mke wangu, ya mtoto, ya bamba, ya kisiki. Alikata mpira huku akisikiliza, akisema "Pole, pole sana" mahali panapostahili. Mpira ulipokuwa tayari nilimwomba anionyeshe skrubu ambazo sikuzihitaji. Nilizitazama kila moja. Mwishowe wateja wengine waliingia, nikaona nitafukuzwa, nikaondoka.

Nilirudi na mpira mpya umezungushwa begani, na kwa siku kadhaa haukutoka begani kwenda popote. Nilijaribu kufunga spana ya chini kwa waya ishike kiungo yenyewe. Waya ulikatika. Nilijaribu kuikaza kwa kabari ya mti. Kabari ikachomoka ikanipiga mdomoni. Niliingiza mkono wangu mwenyewe katika ule mwanya wa chini, ukafika kwenye kifundo ukakataa. Wazee walioachwa kuanika kahawa kwenye meza za kukaushia walinikataa hata kabla sijafungua mdomo. Walinyanyuka tu wakahamia meza za mbali. Nikamgeukia homgadi, aliyekuwa mtu wa kupenda kuonekana hodari. Aliegemeza bunduki yake ukutani, akalala chini, akapenyeza mkono wake mnene kama mhogo, na mkono ukanasa. Alipiga mayowe kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine ambayo nadhani aliibuni. Nilimpaka grisi mpaka kwapani ndipo akachomoka, ngozi ya kiganja imebaki kwenye chuma. Nje, katika mistari ya kahawa, nilisikia wanawake wakicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwasikia. Nilitamani kucheka nao, lakini kicheko kile hakikuwa changu.

Ijumaa mchana nilikuwa chali chini ya trekta, sifanyi kitu tena, natazama bamba tu. Nilikuwa nimeshaanza kumzika mke wangu kichwani. Nilimwona amelala, nikaona watu wanaingia na kutoka, nikaona mtoto anapewa mtu amshike. Homgadi alikuwa amekwenda kiwandani kuloweka mkono wake katika maji baridi.

"Hutafika hivyo," sauti ikasema.

Niliinuka ghafla nikajigonga paji la uso kwenye chuma. Mlangoni alisimama mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, kikapu cha kahawa mgongoni, ukanda wake umepita juu ya kipaji mahali palipokuwa pameshafanya mfuo kwa miaka ya kubeba. Nilimjua kwa sura. Alikuwa mmoja wa wale ambao sijawahi kuona macho yao.

"Umesemaje, mama?"

"Hiyo nati ni ya watu wawili," akasema. "Bwana yangu alikuwa anaingiza mkono huko juu, mimi naingiza huku chini. Mkono yangu ni ndogo. Kila mwaka hiyo mpira inapasuka, inasuguliwa na hiyo bamba. Ananiita kutoka kwa kahawa, tunaweka gunia kwa mlango ili bwana mkubwa asione mwanamke ndani ya banda."

Nikaelewa ni nani. Nilikuwa nimelala chumbani kwake miezi yote ile.

"Basi nisaidie, mama," nikasema. "Tafadhali. Mke wangu amejifungua, ana homa. Hii isipofungwa leo, sitapewa pasi."

 Alitua kikapu, akachuchumaa, akatazama chini ya trekta kama mtu anayetazama ndani ya nyumba yake kupitia dirishani.

"Bwana mkubwa aliniambia neno," akasema. "Wakati walimchukua bwana yangu, nililia pale kwa baraza, akaniambia hii trekta ikishinda kila mtu, yeye mwenyewe atakwenda kwa Disii, yule mkubwa wa wilaya, aseme fundi wake arudishwe. Alisema mbele ya watu. Hilo neno ndilo niko nalo. Sina lingine."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo kila siku nikipita hapa, naomba kwa Ngai, Mungu wetu, hii trekta ikushinde."

Hasira ilinipanda, na sitaificha. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni kila asubuhi nikiwaita mama zangu. Mimi ndiye niliyekuwa na mgonjwa nyumbani. Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba sikumchukua mume wake mimi, wala sikumjua, wala sikuomba kupewa chumba chake.

"Najua," akasema.

"Nimewasalimu kila siku!"

"Tulisikia."

 Nilijifuta uso kwa kitambaa cha grisi nikauchafua zaidi. Yeye aliendelea kutazama chini ya trekta.

"Nitakupatia mkono," akasema. "Lakini ukienda kwenu, usirudi."

Nilimtazama.

"Ukirudi, utakaa. Utajua hii trekta vile bwana yangu anaijua, na bwana mkubwa atasahau neno yake. Lakini ukienda, usirudi, itapasuka tena mwaka ujao, na hapa hakuna mtu."

"Atatafuta fundi mwingine, mama."

"Atafute. Huyo mwingine nitamwangalia tu, vile nilikuangalia wewe."

Lilikuwa tumaini jembamba sana, nami nililijua hivyo, na usoni mwake niliona kwamba naye analijua. Lakini yeye ndilo alilokuwa nalo. Mimi nilikuwa na kazi, na kazi kama ile haikuokotwa njiani. Nilifikiri kidogo, si sana. Mtu anayemwona mke wake kitandani hafikiri sana.

Nikasema, "Tukiikaza nusu tu, je? Itavuja mapema. Hutangoja mwaka."

Hapo ndipo alipogeuka akanitazama machoni, mara ya kwanza, na kwa dharau.

"Kaza," akasema. "Ikilegea watasema ni sisi. Watapiga watu. Na bwana yangu hakuwahi kufunga kitu nusu."

Nikatundika gunia mlangoni.

Alilala juu ya gunia jingine, akageuza shingo, akapenyeza mkono katika ule mwanya. Uliingia mpaka kwenye kiwiko bila kugusa ukingo, kwa njia anayoijua. Mimi nilipanda juu, nikaingiza wangu chini ya kiti. Hatukuonana. Kati yetu palikuwa na chuma, na giza la mafuta.

"Nimeshika," alisema kutoka chini. "Ngoja. Usivute. Bwana yangu alikuwa anapumua kwanza, halafu anavuta."

Nikapumua kwanza, nikavuta. Nati ililia, ikakataa, kisha ikaachia. Nilisikia pumzi ikimtoka. Tuliifungua robo kwa robo, yeye akibadilisha mshiko, mimi nikibadilisha, mpaka mpira wa zamani ukaanguka chini kama nyoka aliyekufa. Nikapenyeza mpya kutoka juu. Yeye akaupokea chini kuuelekeza, na vidole vyetu vikakutana.

Vilikuwa vidole vidogo, vinanata kwa utomvu wa kahawa. Viligusa vyangu kwa muda wa kupokezana kitu tu. Lakini tangu nishuke treni pale Ruiru hakuna mtu aliyekuwa amenigusa, hata wa kunipa mkono, isipokuwa homgadi niliyempaka grisi. Machozi yalinitoka nikiwa nimeinamia shimo la kiti. Yakadondoka ndani ya trekta ya watu. Kama angeyaona ningesema ni mafuta.

"Ni kijana ama msichana?" aliuliza huku akishikilia.

"Kijana."

"Mko na jina?"

"Sijamwona bado."

 Spana yake ilisogea kidogo ikagonga bamba.

"Hata wangu mdogo," akasema, "hajaonwa na baba yake."

Tukakaza. Nilikaza kwa nguvu zangu zote, naye akasukuma kutoka upande wake, na kila niliposema imetosha alisema, "Bado. Yeye huongeza moja." Nikaongeza moja. Kisha akachomoa mkono wake, mweusi mpaka kwenye kiwiko, akausugua kwa udongo na majani ya kahawa ili homgadi asinuse mafuta. Alijitwika kikapu. Mlangoni, kabla ya kuinua gunia, alisimama akinipa mgongo.

"Sema," akasema.

"Sitarudi," nikasema.

Akatoka.

Nilifunga nati ya mbele, nikajaza mafuta, nikawasha, nikavuta mkono wa kuinulia, na jukwaa likapanda bila kutoa hata tone. Mzungu alikuja akatembea kuizunguka, akainama, akanipiga begani. Akaniita fundi kweli kweli. Aliandika pasi palepale juu ya gurudumu.

"Wiki mbili, halafu wewe rudi," akasema. "Trekta hii nataka wewe tu."

"Ndiyo, bwana," nikasema, kwa urahisi ulionishangaza.

Asubuhi niliondoa nguo zangu ukutani. Nilifagia chumba, nikafagia tena pembeni na chini ya kitanda, kama ninayemwachia mwenyewe. Nikachukua sanduku langu. Njia ya kwenda Ruiru ilipita kando ya mistari ya kahawa, na wanawake walikuwa wameshafika. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa katikati ya wenzake, amenipa kisogo, mikono ikienda juu na chini katika matawi. Nilitaka kusema kwaherini. Nikafikiri: homgadi yupo, na neno la Kiswahili kutoka kwangu litawaletea nini? Nikapita kimya, kama wao walivyokuwa wakinipita. Hakuna aliyeinua uso. Niliondoka katika shamba lile jinsi nilivyoishi ndani yake.

Nyumbani nilimkuta mke wangu hai. Homa ilikuwa imepungua siku mbili tatu kabla sijafika. Alikuwa amekonda, macho makubwa, lakini aliketi na kunywa uji mwenyewe. Aliniwekea mtoto mikononi. Nilimshika vibaya, akalia, wakanicheka, nami sikujali kuchekwa. Nyumba ilijaa shangazi na majirani, kila mmoja na maneno yake, na mimi niliyekuwa na njaa ya maneno kiasi kile nikajikuta nimekaa kando. Waliniuliza habari za bara. Nikasema ni njema.

Siku zikaenda, wiki ya pili ikafika mwisho. Jioni moja mke wangu, ambaye sasa alikuwa akitembea vizuri, alileta sanduku langu katikati ya chumba. Alikuwa amefua shati langu na kulikunja.

"Treni si ya kesho?" akauliza.

"Sirudi," nikasema.

Akaketi. "Umefukuzwa?"

"La. Ananitaka."

"Umegombana na mtu?"

"Sikuwa na mtu wa kugombana naye."

"Sasa ile kazi atafanya nani?"

"Mwenyewe," nikasema. "Fundi aliyekuwapo kabla yangu."

"Kwani amerudi?"

"Bado."

 Niliona akijaribu kunifahamu na akishindwa, na sikumlaumu. Ningemwelezaje, mtu aliyetoka kitandani juzi, kwamba mwanamke fulani chini ya trekta aliniambia nisirudi, nami nikaitikia?

"Kwa hiyo umemwachia kazi mtu ambaye hayupo," akasema.

"Ndiyo."

"Ana watoto?"

"Anao. Mdogo hajamwona."

Mke wangu alimtazama mtoto wetu, aliyelala kwenye mkeka kati yetu ameachama.  Alilichukua lile shati kutoka juu ya sanduku, akalikunjua, akanipa nivae, maana jioni ilikuwa ya baridi.

Kama yule fundi alirudi au hakurudi, sijui mpaka leo. Mara nyingi nilitaka kuuliza, na kila mara nilikwama mahali pamoja: ningemwuliza nani? Katika shamba lile lote aliyewahi kunisemesha alikuwa mmoja, naye nilimwahidi kwamba sitarudi.